Kile kichwa kwenye sufuria kilikua cha Mwantumu

Naanza kwa kumuomba radhi wifi yangu maana najua hua anapita humu kimyakimya. Wifi, siku ile ulivyofunua sufuria jikoni kwangu ukidhani ni wali ukakuta kichwa kipara, hakina macho, kimejaa matundu, kinaelea kwenye maji ya moto, hakikua kitu kibaya jamani. Kilikua cha mdoli. Na sasa kwakua habari imeshafika Mbagala kwa mama kwamba "yule siku hizi ana mambo yake", bora nieleze mwenyewe mwanzo mwisho.

Mdoli kaletwa na mdogo wangu anaefanya kazi Muscat, alikuja likizo mwezi wa tatu. Nilimwambia mapema, usiniletee udi, usiniletee mablanketi, niletee Barbie wa viungo. Watu wengi wakisikia Barbie wanamjua yule mikono imenyooka kama anasubiri fundi ampime, ila kuna hawa wanaitwa Made to Move, wana viungo 22, shingo inainama, kiwiko kinakunja, kiganja kinazunguka, kifua kinapinda, magoti, mpaka vifundo vya miguu, yaani unaweza ukamchuchumaza kama yuko uani anaosha vyombo. Kwangu mimi hiyo ndo sababu nzima. Mdoli asieweza kukaa mkekani wa nini sasa.

Nina miaka 36, najua mnachotaka kusema. Ila mimi utotoni sijawahi kumiliki mdoli wa dukani hata mmoja, tulikua tunatengeneza wa gunzi la mahindi, zile ndevu za mahindi unazisuka zikiwa bado mbichi maana zikikauka zinakatika, alafu unamfunga kitambaa kilichodondoka chini ya cherehani ya jirani. Nikikumbuka vizuri sikua napenda hata kucheza baba na mama, nilikua napenda kumvalisha tu. Nikishamvalisha nimemaliza, nahamia kwa mwingine. Kwahiyo hii sio tabia mpya, ni ile ile imepata mshahara.

Basi nimefungua boksi, mweusi mzuri, nikampa jina Mwantumu palepale. Lakini kuna kitu kilikua hakijakaa. Nywele zake za kiwandani laini mno, zinateleza, na uso una ile tabasamu ya mtu anaetangaza dawa ya meno. Ukimpiga picha ya karibu ukazumu unaona midomo na macho ni vidoti vidogo vidogo vimechapwa kama gazeti. Na hapa niseme kitu, hawa wadoli weusi wenyewe wamepigania nafasi mda mrefu, Barbie ameanza kuuzwa 1959, Mattel, kampuni inayomtengeneza, wakatoa Christie 1968, mweusi, ila yeye alikua rafiki wa Barbie, mpaka 1980 ndo akatoka mweusi anaeitwa Barbie yeye mwenyewe, alibuniwa na dada mmoja anaitwa Kitty Black Perkins akamuwekea afro fupi. Yaani miaka 12 sisi ni rafiki wa mwenye jina. Kwahiyo sikua na dharau na Mwantumu, nilichotaka mimi ni afanane na mtu ninaeweza kukutana nae kwenye daladala ya Gongo la Mboto.

Kuanza kumbadilisha kunataka roho ngumu kidogo maana kitu cha kwanza unachofanya ni kumfuta uso. Asitoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, pamba, unafuta macho, unafuta nyusi, unafuta midomo, dakika tano mtu hayupo. Nilikaa namuangalia nikajiona mshenzi. Kichwa chake ni vinaili, plastiki laini, asitoni haili kitu, lakini mwili ni plastiki ngumu na asitoni inayeyusha plastiki ngumu kama mshumaa. Najua hilo. Nimelisoma mara kumi. Na bado tone moja likadondoka juu ya mkono wa kulia karibu na bega, nikafuta haraka haraka nikazidisha, pakabaki alama ya duara imekwaruzika. Nilitaka kulia, alafu nikaangalia bega langu mwenyewe, pale pale nina kovu la chanjo ya kifua kikuu. Bas, Mwantumu kachanjwa. Mdoli wa Bongo kamili.

Nywele sasa. Hizi ndo zilinichukua wiki tatu. Unazikata fupi kabisa, unang'oa kichwa (kichovye maji ya moto kwanza kilainike, ukivuta kikiwa kigumu unavunja kile kishikio cha shingoni na hapo umemaliza mdoli), alafu ndani unakuta zimegandishwa na gundi, unazivuta kidogo kidogo na kibanio cha nyusi kupitia tundu la shingo. Zikiisha unabaki na matundu kichwa kizima yamejipanga kwa mistari. Wenzetu wa nje wanaagiza nywele maalum za midoli, bei zake sizitaji nisije nikamfanya mama azimie, na baadhi yake ukisoma zimetengenezwa na nini unakuta kanekaloni. Kanekaloni! Ile ya Wajapani, ndo hii hii rasta tunayosukia kichwani kila mwezi. Nimetoka hapo nikapanda gari mpaka Kariakoo, pakiti moja namba 1B, nikarudi.

Sindano ndefu, unachukua nyuzi chache sana za rasta, unaingiza tundu moja unatokea tundu la jirani, hapo una ncha mbili, unagawa tatu unaanza kusuka kutoka kwenye ngozi kwenda nje kama msusi anavyofanya. Rasta moja nene kama uzi wa kiatu. Sipungui kusema ukweli, zile kumi za mwanzo zilikua aibu, nilianza nyuma ya kichwa makusudi. Nimesuka rasta 88. Vinaili ikiwa baridi sindano inagoma, vidole vinatoboka, kwahiyo kila baada ya rasta chache unakirudisha kichwa kwenye maji ya moto kilainike. Na ndo hapo wifi alipoingia, siku ya pili tu, nikiwa na rasta sifuri kichwani mwa mdoli, nimetoka kidogo kufuata uzi dukani, sufuria nimeifunika isipoe. Nilisikia kelele nikiwa getini.

(Wifi alikataa kula kwangu siku hiyo. Hata soda aliniangalia kwanza kama imefungwa.)

Rasta zikiisha unafunga ncha, unachovya kwenye maji ya moto, zinatulia, zinaning'inia. Hapo nilifurahi kuliko mambo yote, maana ndo njia ile ile, maji yale yale ya moto kwenye jagi, msusi wangu anayomalizia kichwa changu mimi. Ndani ya kichwa nikamwaga gundi ili zisitoke. Bas.

Uso nitapita haraka sababu ni maumivu. Unapuliza sprei isiyong'aa kwanza ili rangi ipate pa kushika, unachora, unapuliza tena, unachora juu yake. Penseli za rangi za maji kwa nyusi na mistari ya macho, unga wa chaki za rangi kwa mashavu na kivuli cha pua, akriliki kwa mboni. Tatizo la kwanza, sprei nyingine za duka la vifaa vya ujenzi hazikauki kwenye vinaili, zinabaki zinanata maisha yote, hilo nililijua kwahiyo nilijaribia kichwa cha mdoli wa bei rahisi wa sokoni, watatu wakafa kwa ajili ya Mwantumu. Tatizo la pili sikulijua, unyevu. Nimepuliza mwezi wa nne, masika imechanganya, hewa ya Dar unaweza ukaikamua, uso ukageuka mweupe kama kapakwa unga wa ngano. Nikafuta nikaanza upya, ikawa vile vile. Nikamweka ndani mpaka mwezi wa saba hewa ilivyokauka, nikapuliza saa saba mchana nje, barakoa puani, ikakaa safi. Macho nilichora yote mawili kwa pamoja, kidogo huku kidogo kule, ukimaliza moja ndo uanze lingine utapata makengeza. Nampiga picha nageuza picha kama kwenye kioo, kosa linaonekana palepale. Tabasamu ya dawa ya meno sasa hana. Kafumba mdomo, jicho moja dogo kidogo kuliko lingine, kama anakusikiliza ila hajakubali.

Sasa nguo, na hapa ndo nilikua nimengojea na hapa ndo nilipigwa.

Barbie ana sentimita 29, hesabu yao ni moja ya sita ya mtu, zidisha unapata mwanamke wa sentimita 174. Unaweza kupunguza kila kitu mara sita, urefu wa gauni, mkono, mfuko. Kitambaa hakipungui. Uzi una unene ule ule, uzito ule ule, hakijui kua saivi kinamvaa mtu wa kiganjani. Nilianza na dera nikijua ndo rahisi, dera si gunia tu lenye shingo jamani. Nikatumia kipande cha dera langu mwenyewe kilichobaki. Likasimama. Yaani nimemvalisha likatawanyika pembeni kama mwavuli, dera ambalo kwangu mimi linatiririka likipigwa na upepo wa feri, kwake lilikua hema la harusi. Nikalifua, nikalipiga pasi, nikaliongelesha, wapi. Mwisho nikatafuta shifoni nyepesi ya mtandio wa zamani nikashonea shanga ndogo ndogo kwenye pindo lote la chini kwa ndani, ndo likakubali kushuka. Kwahiyo Mwantumu akitembea anapiga makelele kidogo, ila kashuka.

Vitenge navyo, ua moja la kitenge linammaliza mdoli mzima, anakua ni petali moja na kichwa. Dawa yake niliipata mitumba Karume, tai za wanaume. Sikiliza, tai za hariri zina maua madogo, vidoti vidogo, mistari midogo, kitambaa laini kinaanguka vizuri, na muuzaji anakupa kwa bei ya kutupa sababu nani Dar anavaa tai ya maua ya zambarau. Tai moja inatoa gauni na kilemba. Nimetoka na kumi na moja. Muuzaji akaniuliza shemeji anafanya kazi benki? Nikamwambia ndio.

Vitu vidogo nilivyojifunza kwa machozi: mkono unaushonea ukiwa bado umefunguka kabla hujafunga ubavu, maana ukifunga ubavu kwanza utashonea mkono mpana kama kidole chako kwenye duara na cherehani haiingii. Mshono unaacha milimita nne, sio sentimita, na kingo unapaka rangi ya kucha isiyo na rangi ili nyuzi zisichomoke, sababu ukipiga ovaloki unamfanya anenepe. Na usiweke ile ya kunatanata ya viatu vya watoto, itakula rasta zako 88 moja baada ya nyingine, weka vile vifungo vidogo vya chuma vya kubonyeza.

Alafu kanga. Nilijua toka mwanzo lazima avae kanga, na nilijua kukata kanga yangu haitasaidia, ukikata unapata pindo bila mji au mji bila jina, na kanga isiyo na vyote vitatu ni kitambaa tu. Nilijaribu lakini, nilikata kona ya kanga nyekundu ya zamani, nikailowesha nikamzungushia nikaifunga na nyuzi ilale kwenye mwili ipate mikunjo, nikaiacha usiku mzima ikauke. Asubuhi kiuno na mapaja mekundu. Vinaili na plastiki zinakunywa rangi kama mkeka, na nguo nyekundu na nyeusi ndo mabingwa wa kuchuja. Dawa yake ni krimu ya chunusi yenye benzoili paroksaidi, unapaka unaanika juani siku kadhaa, ila kwa mdoli mweusi inaweza ikamtoa na rangi yake mwenyewe pamoja na doa, nikaogopa. Nimemuachia. Wekundu hauonekani akivaa na saivi kila nguo ya rangi kali anavaa na kamisi nyeupe ndani.

Nikakaa chini nikapiga hesabu. Kanga ya kawaida ni kama sentimita 150 kwa 110, gawa kwa sita, 25 kwa 18 na kidogo. Hicho kipimo nakijua, nikaenda kabatini. Leso. (Wa Mombasa mtanisamehe, nikisema leso hapa namaanisha ile ya kufutia jasho, najua kwenu leso ndo kanga yenyewe.) Na ndo nikacheka peke yangu, sababu kanga inavyosimuliwa ilianza hivyo hivyo, wanawake wa pwani karne ya 19 walikua wananunua vitambaa vya leso vya Wareno, bado havijakatwa, wanachukua sita wanaviunganisha, vitatu juu vitatu chini, inakua vazi moja. Na jina leso ni la Kireno. Kwahiyo leso sita zilimtosha bibi, na huyu wangu wa moja ya sita anatosha na moja. Ndio najua kwenye eneo hesabu haikai hivyo, msinisahihishe, niacheni na furaha yangu.

Leso ya pamba nyembamba, nyeupe, nimeichemsha kwanza itoe wanga. Pindo nikachora korosho pande zote nne kwa rangi ya kitambaa, nyeusi na njano, mji nikaweka vidoti na ua moja kubwa katikati ambalo kwenye leso ni kubwa kama shilingi mia mbili, na jina kwenye kiboksi chake chini ya mji, herufi milimita tatu, kalamu ya ncha nyembamba, nimeshikilia pumzi: MWENYE KELELE HANA NENO. Hiyo ni kwa ajili ya mtaa mzima. Nikapiga pasi kwa nyuma rangi ishike, nikaisugua na kitambaa cheupe kibichi kuona kama inachuja, haikuchuja, nikamfunga.

Jumapili nikampeleka Mbagala kwa mama, sababu maneno yalishakua mengi na mama alishaniuliza kwenye simu kama naswali.

Nikamtoa kwenye mkoba nikamuweka mezani. Mama akamuangalia kwa mbali kwanza. Mama ni Mzaramo wa Kisarawe, na kitu nilichokua sikitegemei, badala ya kunisema akasema "sasa huyu ana mikono". Nikamuuliza kwani asiwe nayo? Ndo akanihadithia mwana hiti, kile kisanamu cha mti walichokua wanapewa wanawali wakiwekwa ndani, hakina mikono hakina miguu, gogo dogo tu lenye kifua na kichwa chenye nywele zimesimama kama kishungi. Mimi nilishakiona kwenye picha nikajua ni mapambo. Mama akasema mapambo gani, mwali anakiogesha, anakipaka mafuta, anakitengeneza nywele, anakivalisha shanga, ndo mtoto wake mpaka atoke. Bibi yake yeye alikua nacho. Alikua anasema hayo huku ameshamchukua Mwantumu anamgeuzageuza, anakunja goti, anakunjua, akaona lile kovu la begani akasema "kachanjwa huyu?" nikasema ndio akaitikia kama ni jambo la kawaida kabisa.

Alafu akaangalia kanga. Kimya. Akasema "nani kakufundisha kumfunga mtu hivi?" Akaifungua yote. Vidole vya mama vina baridi yabisi, kidole gumba chake ni kinene kuliko paja la Mwantumu, lakini alimzungushia ile leso mara moja, jina likaja nyuma linasomeka sawasawa, akavuta kona akakunja kifuani akachomeka ndani, ikakaa. Mimi nilikua nimemfunga fundo. Wala haikuteleza.

Akamrudisha mezani, akakaa, akanywa chai yake. Alafu akauliza:

"Na ya kujitanda iko wapi?"

Nikamwambia mama nimechora moja.

"Kanga moja anaenda wapi? Kanga doti. Utamtoaje mtoto wa watu nje kichwa wazi."

Kwahiyo usiku huu niko mezani na leso ya pili, korosho zile zile, ua lile lile, na lazima vifanane maana doti inatoka mtambo mmoja. Pindo nimemaliza. Mji nimemaliza. Jina nimeandika MWENYE KELELE HANA NEMO.